Nionee

Neno "bure" lina nyuso mbili. Uso wa kwanza unacheka: kiingilio bure, chakula bure, karibuni nyote. Uso wa pili umenuna: kazi bure, mtu bure, amekwenda bure na amerudi bure. Kwa miaka mingi niliishi na uso wa kwanza nikidhani hakuna mwingine. Ilinibidi nirudi kwetu Musoma, nikakae na mjomba wangu aliyepofuka, ndipo nikautambua uso wa pili. Na nikautambua kwa aibu.

Malenga wenzangu wa Dar es Salaam watanielewa nikisema kwamba jiji lile humlea mpenda sanaa asiye na fedha. Nilipohamia huko sikuwa na kitu, ila nilikuwa na jioni zangu. Nilizimalizia Mikocheni, katika kituo cha Nafasi Art Space kilichoanzishwa mwaka 2008, ambako wasanii hufanyia kazi ndani ya makontena ya meli yaliyogeuzwa karakana, na mlango wa ukumbi uko wazi kwa kila apitaye. Nilihudhuria pia usomaji wa mashairi na maonyesho ya picha katika kumbi za jiji, na kila nilipokwenda Makumbusho ya Taifa nilifurahi kwamba barabara yake inaitwa Shaaban Robert, kana kwamba mzee mwenyewe amesimama mlangoni akikaribisha wageni. Nilimsoma Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kuchora juu ya vipande vya ubao kwa rangi za kupakia baiskeli, akauza kazi zake kando ya duka kule Oysterbay, akafa mwaka 1972 kabla hajajua kwamba jina lake litakuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Baadaye nikawa ninaombwa na wachoraji wachanga niwaandikie maelezo ya Kiswahili ya kubandika ukutani, pembeni mwa picha zao. Nikajiona mtu wa sanaa. Jioni moja, katika kundi la watu tulioshika vikombe vya juisi ya bure, mgeni mmoja aliniuliza: "Kwenu Mara kuna nini cha kutazama?" Nikajibu upesi, ili nichekeshe: "Kwetu kuna samaki na mawe. Sanaa utaikuta huku." Wakacheka. Nami nikacheka.

Katika kicheko kile nililizika litungu la Wakuria. Niliizika nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi 8, idadi ileile ya mizani katika kipande cha shairi letu. Lakini zaidi ya vyote nilimzika mtu aliyenifundisha kushika brashi kabla sijajua kushika kalamu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi rangi. Sisemi msanii, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulipenda neno hilo. Alisema msanii ni tapeli, na mazungumzo ya mitaani yanamuunga mkono: mtu akikwambia "usinifanyie usanii" hakusifii. Nilipomweleza kwamba sanaa ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na kwamba asili yake ni ufundi na utengenezaji, alijibu, "Basi wangeliacha hukohuko kwenye ufundi." Alipaka kuta za hoteli, saluni na maduka ya dawa kuanzia Musoma hadi Bunda. Lakini kazi yake hasa ilikuwa mitumbwi. Katika mwalo wa Mwigobero, mahali ambapo mitumbwi ya dagaa hupanda mchanga alfajiri na mitumbwi ya abiria huondoka kwenda Kinesi, hapakuwa na fundi aliyeandika herufi zilizonyooka kuliko zake.

Mwaka 2024 nikapigiwa simu. Presha ya macho, ambayo mjomba aliificha kwa miaka mingi akidhani ni uchovu, ilikuwa imemaliza kazi yake. Jicho la kushoto lilizimika kwanza, la kulia likafuata. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Nikapanda basi.

Kutoka Mwanza, basi lilisimama Bunda, chini ya mlima Balili, na nikateremka kununua maji. Nilikuwa na nia ya kuutazama ukuta mmoja. Nilipokuwa mtoto, mjomba alichora kwenye ukuta wa saluni ya kiume, jirani na stendi, vichwa sita vya wanaume wenye mitindo sita ya nywele, na chini ya kila kichwa aliandika jina la mtindo. Mimi nilimshikia kopo la rangi. Niliukuta ukuta, lakini vichwa havikuwapo. Kampuni moja ya simu ilikuwa imempakia mwenye saluni jengo zima kwa rangi yake na nembo yake. "Walinipakia bure," aliniambia kwa furaha, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Ukuta ni wake, na rangi ni ghali. Niliporudi garini nilikuwa nikilitafuna lile neno. Bure. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Cha bure kilikuwa kimevunja vichwa sita.

Nyuma ya lori lililosimama mbele yetu palikuwa na maneno ya rangi ya mafuta, na nyuma ya jingine pia, na ya jingine. Nikaanza kuyasoma kama mtu anayesoma majina ya picha ukutani, nikageuka huku na huku, hadi kondakta akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nilikuwa nimepotelewa na kitu.

Nilimkuta mjomba amekaa uani, uso ameuelekeza ziwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umekuja na basi gani?"

Nikamtajia.

"Ubavuni limeandikwa nini?"

Sikuwa nimetazama. Nilikuwa nimekaa ndani ya basi lile kwa saa kadhaa, nikashuka, nikabeba mzigo wangu mbele ya ubavu wake, na sikujua limeandikwa nini. Mjomba hakunikemea. Alisema tu, "Una macho mawili mazima," akaagiza niletewe uji.

Baada ya siku mbili aliniuliza juu ya maisha yangu ya Dar es Salaam. Nikamweleza kumbi, picha, watu wanaosimama kimya mbele ya ubao mmoja kwa dakika kumi.

"Wanalipa kiasi gani kuingia?"

"Bure, mjomba."

Alinyamaza kidogo. "Mimi nimeonyesha bure miaka arobaini. Ulikuwa ukija kutazama?"

Alikuwa akiuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kama mvua ilinyesha. Nilikumbuka vikombe vya juisi, samaki na mawe, nikatazama chini. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna haja ya kuficha uso mbele ya asiyeona, na hilo likaniumiza zaidi.

Kesho yake alfajiri nilichukua daftari nikaenda Mwigobero. Nilifanya hivyo kwa muda wa siku tisa. Nilinakili kila maneno yaliyoandikwa kwa mkono wake, nayo si vigumu kuyatambua, maana herufi ya R ya mjomba ina mguu uliopigwa teke mbele kama mchezaji mpira. Jioni nilimsomea nilichokikusanya, naye alinieleza mtumbwi ulikuwa wa nani na mwenyewe alitaka nini. *Ziwa halina mwenyewe*. *Dagaa hawana deni*. *Mama usilale njaa*. *Upepo haukopeshi*. *Nitarudi nikipewa*.

Siku ya nne nilipokuwa nikisoma, vidole vyangu vilianza kuhesabu vyenyewe juu ya goti, kama vidole vya mshairi yeyote vinavyofanya. Zi-wa ha-li-na mwe-nye-we. U-pe-po ha-u-ko-pe-shi. Ni-ta-ru-di ni-ki-pe-wa. Nane, nane, nane. Nikapekua kurasa zote. Maandishi 41, na 33 kati yake yalikuwa na mizani 8 kamili.

"Mjomba, nani alikufundisha ushairi?"

"Ushairi gani?"

Nikamweleza kipande ni nini. Akacheka. "Mimi nahesabu pumzi. Mtu amesimama ufukweni, mtumbwi unapita. Maneno yakizidi pumzi moja, hajamaliza kusoma na mtumbwi umekwisha pita. Yakipungua, anadhani kuna yaliyofutika."

Nimesoma vitabu kadhaa vya arudhi, wapenzi wasomaji, na sijakutana na maelezo ya mizani yaliyonikaa kifuani kama hayo. Usiku ule nilijaribu kuviunganisha vipande vyake viwe ubeti mmoja wa tarbia. Mizani ilitimia, vina vikagoma. Nilipomlalamikia alishangaa: "Kila mtumbwi una mwenyewe. Vitapatanaje?" Nikauacha ubeti.

Nikarudia basi kulitafakari neno tunalolitumia kila siku bila kulifungua. Wengine wetu huandika "maonesho", wengine "maonyesho", na kila upande una hoja zake. Anayeandika "onesha" ameliambatisha tendo moja kwa moja na "ona". Lakini mzizi wa "onyesha" umepita njia ndefu zaidi. Kama "pona" ilivyozaa "ponya", ndivyo "ona" ilivyozaa "onya": kumfanya mtu aone. Ndani ya "onyesha" basi lipo "onya". Mababu hawakutenganisha kumwonyesha mtu kitu na kumtahadharisha. Mitumbwi ya Mwigobero ilikuwa maonyesho kwa maana hiyo yote miwili. *Upepo haukopeshi* yanapendeza ubavuni mwa chombo. Yanamwambia pia kijana anayesukuma mtumbwi kwamba ziwa halitampa nafasi ya kulipa baadaye.

Juma lililofuata mjomba aliomba nimpeleke Butiama. Alikwenda mara ya mwisho Oktoba 1999, akiwa nyuma ya lori, siku ya maziko ya Mwalimu. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalikuwa yamefunguliwa mwaka huohuo, lakini kwa ule umati hakuweza hata kuukaribia mlango. "Sasa nimestaafu," alisema, "nina nafasi ya kutazama." Tukapanda gari hadi Makutano, tukashika njia ya Butiama. Huku kuna kiingilio, nacho si kikubwa kwa Mtanzania. Mjomba alisisitiza kujilipia mwenyewe. "Nataka niwe na haki ya kulalamika."

Akalalamika kweli. Tulisimama mbele ya picha ya kwanza, nikaanza kwa lugha niliyoizoea, ile ya maelezo ya ukutani: picha hii inaakisi, inabainisha, inaibua. Akanishika mkono. "Ina urefu wa shibiri ngapi?" Nikapima kwa macho. "Mtu amesimama wapi? Mkono wake wa kulia unafanya nini?" Nikatazama upya. Tulipofika kwenye zawadi alizopewa Mwalimu, nikamwambia kimoja ni chekundu.

"Chekundu cha nini?"

"Chekundu tu, mjomba."

"Hakuna chekundu tu. Cha tofali? Cha nyanya? Cha jicho la mlevi?"

Hapo ndipo nilipoiona lugha yangu mwenyewe kama mgeni. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Zaidi ya hapo, lugha yetu haitaji rangi, inakuonyesha kitu. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda lenyewe. Manjano ni bizari ya jikoni. Kijani ni jani. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu. Tunasema rangi ya udongo, rangi ya chungwa, rangi ya maziwa. Wako wanaouita huu upungufu. Mjomba, ambaye kwa muda wa miaka arobaini alichanganya rangi ndani ya makopo ya maziwa ya unga, aliuona kuwa ndio uzuri wenyewe: Mswahili hawezi kukwambia rangi bila kukushikisha kitu mkononi. Tulitumia saa mbili na nusu katika makumbusho yale, na nilikuwa nimechoka kama aliyelima.

Nje, tukielekea Mwitongo kwenye kaburi la Mwalimu, nilimweleza kwamba mtu aliyelala pale alikuwa pia mmoja wetu, mtu wa maneno. Kwamba alimtafsiri Shakespeare mara mbili, na kwamba mwaka 1969 aliita tamthilia moja *Mabepari wa Venisi*, akaliweka neno "mabepari" pale ambapo mwingine angeliweka "mfanyabiashara". Nikamwambia pia habari iliyokuwa mpya wakati ule: kwamba mwaka huohuo wa 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venisi, yaliyoanza mwaka 1895.

"Venisi ni mji wa majini?"

"Ndiyo. Barabara zake nyingi ni mifereji."

"Basi wana mitumbwi. Imeandikwa nini?"

Nilimweleza kwamba vyombo vyao vya kale, gondola, kwa desturi ya karne nyingi hupakwa rangi nyeusi.

"Nyeusi tupu?" Akasimama. "Fundi rangi angekufa njaa huko." Kisha, tulipokwisha kutembea hatua chache, akasema polepole: "Waambie waliokwenda huko wapake hata mmoja."

Sikumjibu, lakini nilikuwa nikifikiri juu ya Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili. Mwaka 2014, katika tamasha la sanaa la jiji lile, wasanii walizigeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zinazotembea, ili picha imfuate mtu asiyekwenda ukumbini. Tuliosoma habari zile Dar es Salaam tuliona ni wazo jipya kabisa. Nasi tuliotoka Mara tulipaswa kujua kwamba si jipya. Sisemi hivyo ili kuubeza ukumbi. Ukumbi hutunza, ukuta wa Bunda haukutunza. Laiti vile vichwa sita vingekuwa ndani ya kontena moja la Mikocheni, vingekuwa vichwa sita hata leo, na pembeni pangekuwa na jina la mjomba. Cha bure cha mtaani hutazamwa na wengi na hakilindwi na mtu. Hiyo ndiyo bei yake, na hulipwa na fundi.

Siku chache kabla sijaondoka, mwenye mtumbwi wa *Upepo haukopeshi* alikuja kumwona mjomba. Mbao zilikuwa zimebadilishwa upande mmoja, chombo kilihitaji rangi mpya, na kijana fulani angeifanya kazi hiyo. Alikuja kuomba maneno mapya. Mjomba alikuwa ameyaandaa, tena nadhani kwa siku nyingi. Akasema: "*Nionee uonapo*."

Nikahesabu gotini. Nane.

Mwenye mtumbwi akakuna kichwa. "Mzee, hapo watu watasema ninaomba kuonewa. Nimeonewa na mawakala wa samaki miaka yote, sasa niandike?"

Tukacheka wote watatu, mjomba kuliko sote. Lakini ni kweli, wapenzi wa lugha, na sijui tumeishije na neno hili bila kutetemeka. "Kuonea" ni kuona kwa niaba ya mtu, na "kuonea" ni kumdhulumu. Kiambishi ni kilekile, tofauti iko katika mwenye macho. Mimi niliyekuwa na macho mawili mazima nilimwonea mjomba kwa miaka mingi, na katika zile siku chache nilijaribu kumwonea.

Mwenye mtumbwi aliamua maneno ya zamani yabaki. Nikampeleka mjomba mwaloni akamsimamie kijana. Upande ambao mbao hazikubadilishwa, rangi ya miaka mingi ilikuwa imepandana hadi herufi zimetuna. Mjomba alipitisha vidole juu yake kuanzia U hadi I, taratibu, akasimama kwenye alama moja ambayo mimi nisingeiona kamwe. "Hapa brashi ilikuwa mbovu," alisema. Akamwambia kijana asiikwangue rangi ya zamani, apake juu yake.

Sasa hivi niko Dar es Salaam, na ninaandika haya jioni ambayo zamani ningekuwa ukumbini. Lakini ninayoikumbuka ni asubuhi ya mwisho kule Mwigobero. Tulikaa juu ya jiwe, mitumbwi ikawa inarudi, na mjomba akauliza kama alivyouliza kila siku:

"Nani huyo?"

"*Upepo haukopeshi*, mjomba. Amepakwa upya. Buluu."

"Buluu ya nini?"

Nilitazama kwa muda mrefu, hadi mtumbwi ukagusa mchanga.

"Ya sare ya shule iliyofuliwa mihula mitatu."

Akatikisa kichwa polepole, uso ameuelekeza majini.

"Hapo nimeona," akasema. "Anayefuata?"